Karata Iliyoingia Kibanjani

Krismasi ile nyumba ya wazazi wangu, Maruku, ilisimamisha kazi zote kwa ajili ya karata moja. Senene walibaki kwenye beseni hawajanyonyolewa mabawa, ndizi zilikaa jikoni hazijamenywa, na kila jirani aliyepita kutupa salamu za sikukuu aliombwa ainame pamoja nasi chini ya migomba, apekue nyasi. Walioinama walikuwa wengi kuliko waliouliza tunatafuta nini.

Dada yangu ni muuguzi huko Leeds, Uingereza. Mwanawe ana miaka kumi na mmoja, na tangu apate akili alikuwa hajafika nyumbani. Walipanda meli Mwanza jioni wakashuka Kemondo asubuhi, na kaka yangu akawapokea kwa gari la kukodi. Mtoto alikuwa amefundishwa vizuri. Aliinama akamwamkia babu yake shikamoo, akamwamkia bibi yake, akasema na maneno mawili ya Kihaya ambayo mama yake alimkaririsha njiani. Baada ya hapo maneno yakaisha. Kiswahili anakielewa akikisikia, lakini kukisema kunamchukua muda, na Baba Kiingereza chake kiliishia kwenye stakabadhi za kahawa za chama cha ushirika. Siku za mwanzo walikaa wote wawili barazani, mmoja akitafuna kahawa yake kavu na mwingine akitazama mvua. Niliona namna Mama alivyowatazama kutoka mlangoni, akataka kusema kitu, akarudi jikoni.

Kilichowakutanisha kilikuwa ndani ya begi la mtoto: sanduku dogo lenye karata za Pokémon.

Mchezo huo ulianzia Japani mwaka 1996. Karata zake hazina shupaza wala kopa, uru wala pau. Kuna picha za viumbe, kuna karata za nishati zinazowapa viumbe hao nguvu ya kupiga, na kuna karata za vifaa na za wasaidizi. Tofauti kubwa na karata zetu ni kwamba hapa hakuna pakiti moja ya watu wote inayowekwa katikati. Kila mchezaji huja na pakiti yake, aliyoichagua mwenyewe karata kwa karata kati ya maelfu yaliyochapwa. Kwa hiyo mchezo huanza zamani kabla wawili hawajaketi. Huanza mtu akiwa peke yake, anaamua aweke nini na aache nini. Hapo ndipo sheria zinapokaza. Pakiti iwe na karata 60 kamili, si 59 wala 61. Karata zenye jina moja zisizidi 4, hata kama picha zake ni tofauti, isipokuwa nishati za msingi, ambazo mtu hujaza apendavyo. Na kuna karata maalumu, zenye nguvu kuliko nyingine, zinazoitwa ACE SPEC. Hizo katika pakiti nzima inaruhusiwa moja tu.

Mtoto alikuja na pakiti mbili zilizo tayari na karata za akiba. Mvua ya Desemba ilipokataa kuacha, alizitandaza kwenye mkeka sebuleni akaanza kumfundisha binti yangu, ambaye amemzidi mwaka mmoja. Binti alishika upesi. Siku iliyofuata alishakataa pakiti ya kupewa, anaunda ya kwake kutoka kwenye akiba, na humo akachomeka karata mbili za rangi ya waridi iliyokolea. Moja ni Master Ball, inayomruhusu mchezaji atafute kiumbe yeyote katika pakiti yake na kumchukua. Nyingine ni Prime Catcher, inayomvuta mbele kiumbe wa mpinzani aliyejificha nyuma. Mgeni wetu alizitazama, akatikisa kichwa, akaitoa moja. Binti akairudisha.

Hoja ya binti ilikuwa nzito, na ninaitetea mpaka leo kwamba ilistahili kujibiwa. Alisema sheria inahesabu majina. Master Ball ni jina moja, Prime Catcher ni jina jingine, naye ana moja ya hili na moja ya lile, hajakaribia hata nne. Mtoto wa dada alitafuta maneno, uso umemwiva. Mwishowe akasema, polepole, kwa Kiswahili: "Si jina. Aina. Hizi zote aina moja. Aina hii, moja tu."

Baba alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, na sote tulidhani hafuatilii. Aliinua kichwa. "Anasema kama joka," alisema. "Mwacheni, anasema kweli."

Nyumbani kwetu sheria ya joka, yaani karata ya Joker, ni ya zamani kuliko mimi. Nimeisikia ikitajwa utoto wangu wote, lakini asili yake Baba alikuwa hajawahi kuisimulia mbele yangu. Siku ile aliisimulia, dada yangu akimfasiria mwanawe sentensi kwa sentensi.

Ilikuwa Novemba 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia nchini na kuikalia ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera, na ndugu zetu wa upande wa Kyaka walikimbia wakaja kulala hapa, watu wa nyumba nne ndani ya nyumba moja. Usiku hapakuwashwa taa kubwa. Kibatari kiliwekwa chini ya meza, kimezibwa kwa debe upande wa dirisha, na watu wakacheza lasti kadi ili watoto walale bila kusikia wakubwa wakinong'ona habari za vita. Pakiti ya nyumbani ilikuwa pungufu. Wageni nao walikuja na ya kwao, pungufu vilevile, iliyonusurika ndani ya fundo la nguo. Zikachanganywa zikawa moja, na hakuna aliyehesabu kilichomo.

Katika lasti kadi ya kwetu, 2 inamwokotesha anayefuata karata mbili, 3 inamwokotesha tatu, na joka inamwokotesha tano. Mwenye karata ya namna hiyo haokoti. Anaweka ya kwake juu, na mzigo unamwendea wa mbele yake ukiwa umeongezeka. Pakiti ya dukani ina joka mbili, kwa hiyo mzigo wa joka haupiti kumi. Ile ya usiku ule ilikuwa na joka nne. Zikafuatana, moja, mbili, tatu, nne, na mzigo wote ukamwangukia shangazi yake Baba, mama mtu mzima aliyekuwa ameacha nyumba yake na ng'ombe wake ng'ambo ya mto. Akaambiwa aokote ishirini. Rundo lenyewe halikufika ishirini.

"Aliziweka zile alizokuwa nazo mkononi," Baba alisema, "akainuka, akaenda kukaa gizani kwenye kibanja. Hakulia. Nilimfuata. Aliniambia, mwanangu, hata mchezoni nimefukuzwa."

Asubuhi yake Baba alizimwaga karata zote mezani akazihesabu, akajenga pakiti upya. 2 ziwe nne, moja kwa kila alama, ingawa zilikuwamo saba. A ziwe nne. Joka ziwe mbili. Zilizozidi akazifunga ndani ya kopo, na tangu hapo hakuna karata inayogawiwa katika nyumba ile kabla joka hazijahesabiwa mbele ya watu. Jioni shangazi alirudi mezani, akacheza.

Dada yangu alipomaliza kufasiri, mtoto alikaa kimya kidogo, akamtazama babu yake kwa namna ambayo alikuwa hajamtazama. Akauliza kwa Kiingereza, mama yake akafasiri: je, kama mtu alipata joka ya tatu kihalali, kwa kubahatika tu kwenye pakiti yake, bado alikatazwa kuitumia? Baba akajibu kwamba bahati ya mtu si kosa, ila wanaocheza naye nao ni watu. Kisha naye akauliza swali lake: huko kwao, hiyo sheria ya moja tu ilitungwa na nani, na kwa kilio cha nani?

Jibu alilitoa dada, ambaye Jumamosi zake nyingi zimeishia kwenye kiti cha nyuma cha duka la michezo akimsubiri mwanawe. Karata za namna hii, za kukusanya, zilianza Marekani mwaka 1993, mwanahisabati Richard Garfield alipotoa mchezo wa Magic: The Gathering. Ziliuzwa ndani ya vipakiti vilivyofungwa, mnunuzi hajui atapata nini, na mwanzoni hapakuwa na kikomo cha karata ya jina moja. Ilidhaniwa kila mtu atanunua kidogo, hivyo karata kali zitatawanyika, moja hapa na moja pale. Watu wakanunua kwa makasha. Wakazijaza pakiti zao karata kali zilezile, na mpinzani akawa ameshindwa kabla hajapata zamu ya kufanya lolote. Mapema mwaka 1994 sheria za mashindano zikaweka mipaka: pakiti isipungue 60, jina moja lisizidi 4, na zile zilizozidi ukali, kama Black Lotus, iwe 1 tu. Pokémon ikaja na kanuni za ukoo huohuo, na ACE SPEC zikatoka mwaka 2012, zikapotea miaka mingi, zikarudi 2024.

"Basi nao walikuwa na shangazi yao," Baba alisema.

Binti aliitoa Master Ball akaikabidhi mwenyewe, akabaki na Prime Catcher. Mtoto wa dada akaiweka Master Ball katika pakiti yake. Mimi nilirudi jikoni nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza Mama vizuri.

Tangu siku hiyo mtoto na babu yake hawakuachana. Baba alitoa kopo lake na kumfundisha mjukuu wahedi wa sitini, mchezo aliojifunza Unguja alipokuwa kijana kazini. Ule nao una ujenzi wake wa pakiti. Kabla ya kuchanga huondolewa 8, 9 na 10 zote, karata kumi na mbili, zinabaki 40. A ina pointi 11 na seti, yaani 7, ina 10, jambo lililomshangaza mtoto sana, saba kumpita mfalme. Mfalme ni mzungu wa nne kwa sababu ana pointi 4, ghulamu ni mzungu wa tatu, bibi ni mzungu wa pili. Kila alama hufika pointi 30, jumla 120, na mwenye 61 amewazidi wenzake. Mtoto alizijumlisha kichwani haraka kuliko babu yake. Zile kumi na mbili zilizoondolewa Baba huzifunga kwa mpira na kuziweka chini ya kopo.

Ndipo ikafika mkesha wa Krismasi, siku ya kubadilisha nyasi.

Nyumba ya wazazi wangu ina sakafu ya saruji siku nyingi, lakini sebule ya zamani Mama haikubali sikukuu bila nyasi. Nyasi mpya hukatwa rweya, kwenye uwanda wa nyasi, huletwa mitumba kwa mitumba, na kutandikwa sakafuni zikiwa zimelazwa upande mmoja, na nyumba nzima hunukia. Zile za zamani hazitupwi. Hukusanywa na kupelekwa kibanjani, zikatandazwa chini ya migomba na mibuni, zishike unyevu na kuoza polepole ziwe mbolea. Ndivyo vibanja vya Buhaya vilivyolishwa vizazi na vizazi, kwa nyasi za rweya na samadi ya ng'ombe, na Mama hawezi kuona hata kikapu kimoja cha nyasi kikipotea.

Wachezaji walikuwa katikati ya mchezo alipoingia na amri yake. Karata zikakusanywa haraka haraka kutoka kwenye mkeka, mkeka ukakunjwa, kaka yangu akaanza kuzikumba nyasi za zamani. Alizibeba kwa machela mpaka zikaisha, akazitandaza kuanzia migomba iliyo nyuma ya jiko hadi karibu na mibuni. Mvua ikaanza.

Usiku mtoto alihesabu pakiti yake, kama afanyavyo kila usiku. 59. Akahesabu tena. Kisha akazipanga kwa aina, na hapo akajua ni ipi.

Hakupiga kelele, na kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja hilo lilituumiza zaidi. Kaka, kwa nia njema, alimwambia achukue karata yoyote ya akiba ajaze pengo. Kisheria alikuwa sahihi: nishati moja ya msingi ingeifikisha pakiti 60 na hakuna mwamuzi angesema neno. Lakini pakiti ile mtoto aliijenga ikiegemea karata ile. Kwa kuwa ni moja tu, kila kitu kingine kilikuwa kimewekwa kwa kuifikiria. Binti yangu aliingia chumbani, akatoka na Prime Catcher yake, akamwekea juu ya goti. Mtoto akamrudishia. "Yako," alisema. "Kila mtu moja."

Baba akauliza ile karata ina ukubwa gani. Kisha akasema kesho baada ya misa watu wote wataingia kibanjani.

Mama aliweka masharti, na yalitiiwa na kila mtu, hata wageni. Jembe haliingii, kwa sababu mizizi ya mgomba iko juu juu na jembe huikata. Panga haliingii ila lililopitishwa motoni kwanza, kama ilivyo desturi yetu tangu ugonjwa wa mnyauko ulipofika Kagera mwaka 2006 na kuwafundisha watu kwamba chuma kimoja kichafu chaweza kuua kibanja kizima. Kwa hiyo tulitafuta kwa mikono na vijiti, tumepanga mstari kama watu wanaopalilia, kila mmoja akiinua nyasi za mbele yake, akizikung'uta, akizirudisha zilipokuwa. Kuzirudisha lilikuwa sharti pia. Nguo za sikukuu zililowa hadi magotini. Jirani mmoja, mzee wa rika la Baba, alifanya mgomba mmoja mmoja kwa utulivu mkubwa, na alipoambiwa kinachotafutwa ni karata moja ya mtoto alijibu, "Nimesikia, waitu. Ni ile ya moja tu," akaendelea.

Aliyeiona ni mtoto wa kaka yangu, wa miaka mitatu, ambaye yeye peke yake macho yake yalikuwa usawa wa nyasi. Ilikuwa chini ya mbuni, ndani ya kifuko chake cha plastiki, mgongo wa buluu ukiwa juu. Kifuko kilikuwa kizima. Karata yenyewe mvua ilikuwa imeingia kwa juu ikakaa nayo usiku kucha. Ilikuwa imevimba, tabaka zake zimeachana, na rangi ya waridi imeingia kwenye maandishi.

Tuliikausha juu ya kitambaa, mbali na moto. Ilijikunja. Mtoto alieleza, sasa akisaidiwa na binti yangu zaidi ya mama yake, kwamba mashindanoni karata inayotambulika kwa kuvimba au kukunjika haikubaliwi, kwa maana mwenye pakiti ataijua kabla hajaifunua. Baba akataka kujua: huko mashindanoni, karata ya mtu ikiharibika mchezo ukiendelea, anafukuzwa? Hapana, mtoto alisema. Mwamuzi mkuu anaweza kumpa karata mbadala, nyingine tu, iliyoandikwa kwamba inasimama mahali pa ile, na ile ya kweli inawekwa pembeni.

"Mwamuzi ni nani hapa?"

Watoto wote walimwelekea yeye.

Baba alikwenda kwenye kopo lake, akafungua ule mpira, akapitia zile karata kumi na mbili asizozitumia. Alichagua 8 ya pau. Ukubwa wake ni uleule, milimita 63 kwa 88, na iliingia kwenye kifuko cha buluu bila kubana. Kabla ya kuiingiza aliandika juu yake kwa kalamu, kwa herufi zake za mkato za zamani, jina la Master Ball, akauliza tahajia mara mbili. Chini yake akaandika tarehe na kutia sahihi. Mama akakumbusha kwamba sasa pakiti ya lasti kadi ina karata pungufu. Kaka akapendekeza, kwa kuwa imepungua moja, joka ya tatu itolewe kopo la zamani ijazie. Baba alimtazama tu.

Siku ya pili ya Krismasi mechi ilifanyika mezani, senene wakiwa wamekwisha kukaangwa, watu wamezunguka. Mgeni na pakiti yake ya 60, humo 8 ya pau. Binti na ya kwake ya 60, humo Prime Catcher. Kila mmoja alichota karata saba za mwanzo, kisha akalaza sita kifudifudi pembeni, hizo ni za zawadi: kila umwangushapo kiumbe wa mwenzako unachukua moja ya kwako, na mwenye kuzimaliza zake sita ameshinda. Hilo ndilo wanaojenga pakiti hulifikiria usiku. Karata ya pekee, kwa kuwa sita kati ya sitini hulala pale, ina nafasi moja kati ya kumi ya kulala humo isionekane.

Mtoto alichota, akachota. Alicheza vizuri bila karata yake, akachukua zawadi mbili. Binti aliisubiri Prime Catcher kwa subira ambayo sikuijua kwake, akaitumia zamu moja tu, akamvuta mbele kiumbe dhaifu aliyekuwa amefichwa, akamwangusha, akachukua zawadi yake ya sita.

Mtoto alifunua nne zake zilizobaki. Ya tatu ilikuwa 8 ya pau, na sahihi ya babu yake.

Kaka yangu alisema mchezo kama huo usihesabiwe.

"Unahesabika," Baba alisema, kabla mjukuu hajafungua kinywa. "Changeni wa pili."